Tunapima Nini Katika Kozi za Lazima?

Anayeingia chuo kikuu Afrika Mashariki, awe anasomea udaktari, ualimu au uhandisi wa migodi, hukutana na kozi ambazo hakuzichagua. Tanzania kuna Taaluma za Maendeleo, ambayo wanafunzi wanaijua kwa jina la DS, na kuna Stadi za Mawasiliano. Kenya huitwa kozi za pamoja, au komon yuniti, na humo utakuta mawasiliano, fikra tunduizi na masomo ya VVU na Ukimwi. Ahadi yake ni kubwa: mhitimu atatoka akiwa anaweza kupima hoja, anaijua jamii yake, na akiandika anaeleweka. Halafu unakuja mtihani wa mwisho wa muhula, na hapo ndipo ubishi unapoanza. Alama zile zinatuambia nini kuhusu ahadi hiyo?

Sauti zifuatazo nimezitunga mwenyewe kutokana na hoja ninazozisikia kwenye vikao vya idara, kantini na vibarazani mwa mabweni. Hakuna kati yao aliye mtu fulani. Kila mmoja nimempa hoja yake ikiwa na nguvu zake zote, kwa sababu kila mmoja ana jambo la kweli. Mimi nitaingia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

MHADHIRI: Naomba nianze na hesabu, maana bila hesabu tutazungumza njozi. Tuseme darasa langu lina wanafunzi 1,200. Insha moja ya kurasa tatu, ukiisoma kwa haki na kuandika maoni mawili matatu pembeni, inakula dakika 10. Hizo ni dakika 12,000, yaani saa 200. Nikiacha kila kitu nikasahihisha saa 8 kwa siku, nitamaliza baada ya siku 25 za kazi. Na hiyo ni insha moja tu. Chuo kinadai tesi mbili, kazi ya kikundi na mtihani wa mwisho: alama 40 za kazi za muhula, 60 za mtihani. Matokeo yanatakiwa yawe kwenye mfumo ndani ya wiki chache. Ndiyo maana natoa maswali ya kuchagua jibu, ya kuoanisha, na ya "taja na ueleze". Kutunga swali zuri naweza. Ninachokosa ni macho ya kulisoma jibu lake.

MWANAFUNZI: Shikamoo Dokta. Nakuelewa, na sikulaumu. Mimi nasoma uhandisi umeme, mwaka wa pili, na DS nilipata B+. Naomba niwaeleze ilivyopatikana. Wiki moja kabla ya pepa, madesa yalirushwa kwenye grupu la WhatsApp: maswali ya miaka iliyopita, na majibu yake yakiwa yameshapangwa kwa nukta. Nikakesha siku mbili nikimeza. Sifa za nchi zinazoendelea, aina za utegemezi, hatua tano za ukuaji wa uchumi za Rostow. Nilipofungua karatasi ukumbini, zaidi ya nusu ya maswali nilikuwa nimeyaona. Niliandika bila kusimama. Wiki mbili baadaye ungeniuliza hatua ya tatu ya Rostow ni ipi, nisingekujibu. Na mbaya zaidi, hata siku ile ya mtihani, wakati naikumbuka, sikujua inamhusu nini mama yangu anayeuza samaki. Sasa niambieni, B+ ile ni ya nini?

MTHIBITI UBORA: Kijana ameligusa jambo langu. Kazi yangu chuoni ni kuthibitisha ubora. Nikiiuliza idara ushahidi kwamba kozi inafundisha, naletewa jedwali: A ngapi, B+ ngapi, C ngapi, wenye sapu, yaani wa kurudia mtihani, wangapi. Jedwali lile linajibu swali moja, kwamba kila mwanafunzi apewe daraja gani. Swali langu ni jingine. Watu hawa 1,200 sasa wanaweza kufanya nini ambacho hawakuweza siku wanasajiliwa? Mtu anaweza kupata A kwa sababu alikuja na uwezo huo kutoka kidato cha sita, kozi isimwongezee chochote. Mwingine anaweza kupata C akiwa ametembea safari ndefu kuliko wote. Jedwali haliwezi kuwatofautisha watu hao.

PROFESA MSTAAFU: Naomba nafasi, vijana wangu, kwa sababu naona tunaijadili kozi hii kana kwamba imeshuka na mvua. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967. Machi ya mwaka huohuo Mwalimu Nyerere akatoa Elimu ya Kujitegemea, na humo akaulaumu waziwazi mfumo unaomthamini mtu kwa uwezo wake wa kukumbuka mambo na kuyatema ndani ya saa chache za mtihani. Mwezi uleule Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kikafanya mkutano kujiuliza nafasi yake katika Tanzania ya kijamaa. Kutoka kwenye mijadala ya miaka hiyo ikaja kozi ya pamoja kwa wanafunzi wa fani mbalimbali, nayo ikakua ikawa Taaluma za Maendeleo, ikapata taasisi yake mwaka 1973. Novemba 1974 Azimio la Musoma likaongeza kwamba mtu asiingizwe chuo kikuu kwa karatasi ya mtihani peke yake, watazamwe pia kazi yake na mwenendo wake. Mnaona? Kozi hii ilizaliwa kupinga kukariri. Leo kijana anatuambia aliifaulu kwa kukariri siku mbili.

MHADHIRI: Prof, Musoma ilituletea pia alama za kazi za darasani, ili mtihani mmoja usimhukumu mtu. Nia ilikuwa njema. Lakini angalia tulivyofanya: zamani mwanafunzi alikariri mara moja kwa mwaka, sasa anakariri mara tatu kwa muhula. Wenzetu wa Kenya vyuo vingi huweka 30 kwa kazi za muhula na 70 kwa mtihani, sisi 40 kwa 60. Tunabishana juu ya mgawanyo, na swali la ndani ya karatasi ni lilelile.

PROFESA MSTAAFU: Basi ondoeni alama kabisa! Mwaka 1967 wanafunzi pale Mlimani, Dar es Salaam, waliunda chama cha kimapinduzi kilichoitwa USARF, mwenyekiti wake Yoweri Museveni, huyu rais wa Uganda. Walikuwa na madarasa ya itikadi Jumapili asubuhi. Mwanahistoria Walter Rodney alikuwa anakuja, wahadhiri vijana wanakuja, watu wanasoma maandiko na kubishana kwa saa nyingi. Hakuna aliyepewa alama wala cheti. Kutoka kwenye mazingira hayo likatoka jarida la Cheche, na ndani ya Cheche, mwaka 1970, Issa Shivji, akiwa kijana mdogo, akachapisha uchambuzi wake wa mapambano ya kitabaka Tanzania ambao wasomi wanaurejea hadi leo. Novemba mwaka huo USARF ikapigwa marufuku na Cheche nayo ikafungwa. Lakini ndiyo elimu ya jumla iliyozaa matunda kuliko zote nilizoziona, na haikuwa na mtihani.

MWANAFUNZI: Shikamoo Prof.

PROFESA MSTAAFU: Marahaba, mwanangu. Sema.

MWANAFUNZI: Kwa heshima zote, Prof, waliokwenda Jumapili walijipeleka wenyewe. Walikuwa wachache na walikuwa na moto. Mimi muhula huu nina hesabu, saketi, michoro, programu za kompyuta, na maabara mbili kwa wiki. Nikifeli nina sapu, nikirundika sapu nadisko, yaani nafukuzwa chuo, na bumu, ile fedha ya mkopo, linakatika. Mkiniambia DS haina alama, sitakuja. Nasema ukweli wangu. Siyo kwamba naidharau. Saa nitakazokuwa nazo nitazipeleka kule ambako nitaulizwa.

Hapa nasimama na kijana. Kumbukumbu ya Jumapili za Mlimani ni ya kweli na inastahili heshima, lakini inatueleza habari za watu waliochagua kujifunza. Kozi ya lazima ina mzigo tofauti: inamfikia yule ambaye asingekuja, na huyo ndiye aliyewekewa. Ukiondoa alama unabaki na wale ambao wangesoma hata bila chuo. Kwa hiyo alama zibaki. Hoja ya Profesa inayonigusa ni nyingine, nayo hakuisema kwa maneno haya: kwenye madarasa yale mtu alijua papo hapo kama hoja yake imesimama au imeanguka, kwa sababu mwenzake alimjibu. Mwanafunzi wetu wa leo anaandika saa tatu, skripti inachukuliwa, na hataiona tena maishani. Anachorudishiwa ni herufi moja kwenye mfumo.

MTHIBITI UBORA: Wenzetu Marekani wameshapigana vita hivi, na tunaweza kujifunza kwa walipojikwaa. Mwaka 2011 Richard Arum na Josipa Roksa walitoa kitabu kilichowatikisa. Walifuatilia zaidi ya wanafunzi 2,300 kwenye vyuo 24, wakawapa mtihani mmoja wa kufikiri na kuandika, walipoingia na tena baada ya miaka miwili. Asilimia 45 hawakuonyesha maendeleo ya maana. Kelele zilikuwa kubwa.

MHADHIRI: Na wakosoaji walisema nini?

MTHIBITI UBORA: Walisema mengi, na moja lina uzito: mtihani ule haukuhesabiwa kwenye matokeo ya mwanafunzi, basi kwa nini ajitahidi? Ni hoja hiyohiyo ya kijana wetu. OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, nayo ilijaribu, kati ya 2010 na 2012, kuona kama mtihani mmoja unaweza kupima vyuo vya nchi 17. Jaribio likaishia hapo.

PROFESA MSTAAFU: Ingeishia wapi? Mtihani mmoja wa Misri na wa Finland!

MTHIBITI UBORA: Nakubali, Prof. Ndiyo maana ninaipenda njia nyingine. Mwaka 2009 umoja wa vyuo unaoitwa AAC&U ulitoa vigezo vya kusomea kazi ambazo mwanafunzi ameshazifanya darasani kwa ajili ya alama zake. Hakuna mtihani wa ziada. Unachukua insha halisi, unaisoma kwa ngazi nne: ushahidi ameutumiaje, ameona dhana gani zilizojificha, hitimisho lake linatokana na alichokisema au limerukia tu. Vigezo vyenyewe tunaweza kuvitunga wenyewe, kwa masuala yetu. Wazo ndilo la kuchukua.

MHADHIRI: Dada yangu, mawazo ninayo mengi. Nipe swali. Swali moja ambalo kijana huyu hawezi kulikuta kwenye madesa.

MTHIBITI UBORA: Sawa. Nampa mwanafunzi aya mbili ambazo hajawahi kuziona. Ya kwanza inasema: Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina mitambo 9, kila mmoja megawati 235, jumla megawati 2,115, nchi sasa ina umeme wa kutosha, kwa hiyo tatizo la umeme limekwisha. Ya pili ni maneno ya mama mwenye mashine ya kusaga kijijini: umeme unakatika karibu kila jioni, na wiki iliyopita mota yake imeungua. Swali: je, aya zote mbili zinaweza kuwa za kweli? Eleza. Kisha sema ni taarifa gani moja ungeitafuta kwanza, na kwa nini hiyo. Dakika 40, ukurasa mmoja na nusu.

MWANAFUNZI: Hilo ningelipenda. Mimi ningesema mtambo kuwepo ni jambo moja na umeme kumfikia mtu ni jambo jingine. Katikati kuna njia za kusafirishia, vituo vya kupozea umeme, transfoma, nguzo. Na megawati 2,115 ni uwezo wa mitambo ikizunguka yote, na maji yakiwepo.

MHADHIRI: Wewe unasoma umeme, mwanangu. Wa sheria je?

MWANAFUNZI: Wa sheria anaweza kuuliza nani alipe mota ya yule mama. Wa uchumi atauliza kama jioni watu wote wanawasha kwa pamoja. Kila mtu anaingilia mlango wake.

MTHIBITI UBORA: Na ndicho ninachotaka kozi ya jumla ifanye. Sasa tazameni majibu matatu ambayo msahihishaji yeyote atayatambua. La kwanza linaanza: "Nishati ni uwezo wa kufanya kazi. Umeme una faida zifuatazo," halafu zinakuja faida tano, kila moja na mstari mmoja chini yake. La pili linachagua upande: aya ya kwanza ni ya kweli kwa sababu ni takwimu, mama yule analalamika tu. La tatu ni fupi, Kiingereza chake kinachechemea, lakini linasema: zote zinaweza kuwa kweli, maana ya kwanza inazungumzia kuzalisha na ya pili inazungumzia kupata, ningeuliza umeme unakatika saa ngapi na nyumba ngapi, kwa sababu kama ni jioni tu na kijiji kimoja, tatizo liko kwenye transfoma yao na si kwenye bwawa.

Tusubiri kidogo kwenye majibu haya, kwa sababu uzito wote wa suala letu uko hapa. Mpe msahihishaji mwongozo wa kawaida, ule unaosema "kila nukta alama mbili, utangulizi moja, hitimisho moja". Jibu la kwanza litavuna: lina utangulizi, lina nukta tano, lina hitimisho. La tatu litaambulia kidogo, kwa kuwa nukta zake ukizihesabu ni mbili, na sarufi itamponza zaidi. Msahihishaji atakuwa ametenda haki kabisa kwa mujibu wa mwongozo wake. Na mwanafunzi wa tatu, ambaye ndiye pekee aliyefanya kile ambacho kozi iliahidi kumfundisha, atajifunza kwamba muhula ujao aandike kama wa kwanza. Mwongozo wa usahihishaji ndio mtaala wenyewe. Wanafunzi wanausoma kupitia alama zao hata kama hawajawahi kuushika mkononi.

PROFESA MSTAAFU: Na lile la Kiingereza msiliruke. Nimesahihisha miaka mingi. Nimeona vijana ambao ukizungumza nao Kiswahili barazani wanachambua siasa ya bei ya korosho mpaka unashangaa, kisha kwenye karatasi wanakuwa bubu. Tukiwapa D tunasema hawajui kufikiri.

MHADHIRI: Mimi natenganisha, Prof. Mstari mmoja wa alama ni wa hoja, mwingine wa lugha. Ukivichanganya huwezi kujua umemnyima kwa lipi. Stadi za Mawasiliano ipo, ipime lugha huko. DS ipime hoja.

PROFESA MSTAAFU: Na kwa nini asijibu kwa Kiswahili?

MHADHIRI: Kanuni ya chuo, Prof. Siyo mimi.

PROFESA MSTAAFU: Kanuni zilitungwa na watu waliokaa kwenye meza kama hii.

MWANAFUNZI: Naomba niseme la ChatGPT, maana wakubwa mnalizunguka. Ile insha ya nyumbani ya alama 15 siku hizi ni dakika tano. Unabandika swali, unabadilisha maneno mawili, unatuma. Na hata anayetaka kuandika mwenyewe anaona mjinga ni yeye, kwa sababu mwenzake atapata zaidi. Kama swali la bwawa litakuwa la kwenda nalo nyumbani, limekufa.

MHADHIRI: Ndiyo maana nasema liwe la ukumbini, kwa kalamu. Au la mdomo kwenye semina. Nimelipigia hesabu hilo pia. Dakika 5 kwa kila mmoja kwa wanafunzi 1,200 ni dakika 6,000, yaani saa 100. Nikipewa wahadhiri wasaidizi 10, kila mmoja ni saa 10, na hakuna skripti ya kubeba nyumbani. Lakini nipewe hao 10. Kwa sasa sina.

PROFESA MSTAAFU: La mdomo lina hatari yake. Binti mwenye haya atanyamaza mbele ya mtu asiyemzoea, na mvulana mwenye mdomo atapita bila kitu kichwani.

MHADHIRI: Kweli. Kwa hiyo liwe sehemu tu, na aulizwe na mtu aliyekaa naye semina muhula mzima.

MTHIBITI UBORA: Tusisahau kwamba kumpa kila mtu alama na kuijua kozi ni kazi mbili. Ya kwanza inawahusu wote 1,200. Ya pili haihitaji wote. Ukitaka kujua chumvi ya wali huli sufuria nzima. Nipeni wanafunzi 60, waliochaguliwa kwa bahati nasibu kutoka kwenye orodha ya usajili. Wiki ya kwanza darasa zima linajibu swali la namna ya bwawa, wiki ya mwisho linajibu jingine la uzito uleule, mathalani kuhusu maji ya mji au bei ya mbolea. Nusu ya darasa waanze na hili, nusu na lile, ili isije kuwa swali moja lilikuwa jepesi. Tunazitoa skripti za wale 60: 120 kwa jumla. Tunafuta majina na tarehe, tunazichanganya. Wasomaji hawajui ipi ni ya mwanzo na ipi ni ya mwisho. Kila moja inasomwa na watu wawili. Dakika 10 mara mbili mara 120 ni dakika 2,400. Saa 40. Wasomaji wanne, saa 10 kila mmoja.

MHADHIRI: Na wale wawili wakitofautiana?

MTHIBITI UBORA: Watatofautiana, hasa siku ya kwanza. Mmoja atasema ngazi ya 3, mwenzake atasema 1. Hapo wakae wabishane mbele ya skripti: umeona nini wewe ambacho mimi sikukiona? Ubishi huo una faida kuliko ripoti yote. Ndipo idara inapokubaliana, pengine kwa mara ya kwanza, hoja nzuri ni ipi.

MHADHIRI: Sasa nikueleze hofu yangu, na naomba usinizunguke. Mimi niko kwenye mkataba. Ukikuta wanafunzi wangu 60 hawajasogea, ripoti ile inakwenda wapi? Nikienda kuomba kupandishwa cheo nitaikuta mezani? Kama ndivyo, nitafanya kila mhadhiri mwenye akili anachofanya. Nitawafundisha swali la bwawa wiki kumi na nne mfululizo.

MTHIBITI UBORA: Mimi nitaomba ripoti ibaki idarani na isitaje jina la mhadhiri.

MHADHIRI: Utaomba. Na mkuu wako akiidai?

MTHIBITI UBORA: Hapo siwezi kukuahidi.

Jibu hili ni la kweli na ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote yaliyosemwa. Upimaji mwingi mzuri umeharibika kwa sababu matokeo yake yalichukuliwa na mtu mwenye fimbo. Msimamo wangu ni kwamba makubaliano yawepo kwa maandishi, yapitishwe na idara na kitivo kabla skripti ya kwanza haijasomwa: matokeo ya sampuli ni ya kurekebisha kozi, na hayaingii kwenye jalada la mtu. Kitivo kikikataa kusaini hivyo, mhadhiri ana haki ya kukataa kushiriki, nami nitamuunga mkono.

MWANAFUNZI: Na sisi je? Mmepanga kusoma skripti 120 kwa faida ya kozi. Mimi nataka ile moja yangu irudi. Hata isiwe na maoni marefu. Mstari mmoja tu: hapa hoja yako ilisimama, hapa ilianguka.

MHADHIRI: Kwa wote 1,200?

MWANAFUNZI: Si lazima ya mtihani wa mwisho. Ile ya wiki ya kwanza, mturudishie wiki ya tatu pamoja na yale majibu matatu ya mfano. Tukae semina, kila mtu aipime yake mwenyewe aone iko karibu na lipi. Hilo halihitaji macho yako, Dokta. Linahitaji nakala za karatasi.

MHADHIRI: Hilo naweza.

PROFESA MSTAAFU: Na hapo mtakuwa mmeirudisha Jumapili bila kuiita Jumapili.

Nimewaacha hapo, ingawa hawajakubaliana juu ya lugha, wala juu ya idadi ya wahadhiri wasaidizi, ambayo ni suala la bajeti na haliwezi kutatuliwa na swali zuri peke yake. Nisije nikaeleweka vibaya: mhadhiri mmoja kwa watu 1,200 si ufundishaji, na vyuo vinavyoongeza udahili bila kuongeza walimu vinajua vinachofanya. Hata hivyo, yapo mambo ambayo hayasubiri bajeti. Mada za kozi zinaweza kupunguzwa, kwa sababu orodha ndefu ndiyo inayolazimisha maswali ya "taja". Angalau nusu ya alama za mtihani wa mwisho inaweza kwenda kwenye andiko ambalo mwanafunzi hajawahi kuliona, na mwongozo wa kulisahihishia ukahesabu hatua za hoja badala ya idadi ya nukta. Alama za lugha zinaweza kukaa kwenye mstari wake.

Wakuu wa idara zinazofundisha kozi hizi, ombi langu kwenu ni dogo. Kabla ya kikao kijacho cha kupitisha matokeo, chukueni mtihani wenu wa mwisho mlioutoa, mkae watatu wanne, na kwa kila swali mjiulize kama mtu aliyepata madesa yake jana usiku angelifaulu bila kuelewa. Hesabuni mangapi yamebaki. Kisha chagueni wanafunzi 60 wa muhula unaofuata, na zile saa 40 za usomaji ziingizwe kwenye mzigo wa kazi wa wahadhiri kabla muhula haujafunguliwa, zilipwe kama saa nyingine za kufundisha.